Mabati Yaelekea Choma

Juzi, stendi ya Igunga, lori lililosheheni mabati lilipita likielekea kijijini Choma. Mama mmoja niliyekuwa nikinywa naye chai aliruka akipiga vigelegele, kikombe kikapinduka.

"Ya kwetu hayo! Zahanati inaezekwa! Hatujifungulii tena njiani!"

Boma, yaani kuta tupu, walilipandisha wanakijiji wenyewe, paa wakaiachia serikali kuu, kama ilivyo desturi. Kila bajeti halmashauri iliomba. Kila bajeti ikaambiwa isubiri.

"Sasa mama, safari hii imekuwaje?"

"Mwanangu, huoni bendera? Uchaguzi!" Akanishika mkono, macho yakimng'aa. "Na boma la nyumba ya nesi tumeshalipandisha. Hilo tumeliweka la uchaguzi ujao!"

Wasomaji wangu, mpango wa miaka mitano ulionyooka namna hiyo sijausikia hata bungeni.