Siku Waliyoufuta Moshi Wetu

Asubuhi ile kohozi langu lilikuwa jeusi. Nilitema kwenye beseni, nikageuza uso. Ilikuwa siku ya tatu mashamba na vichaka vya huko bara, upande wa Vigwaza, vinawaka, na umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ulitubwagia moshi wote sisi wa Zinga. Mashuka yalinuka moshi. Chai ilinuka moshi. Maji ya kutawadha niliyoyaacha wazi kwenye ndoo yalikuwa na utando wa majivu.

Nilikuwa nafundisha sayansi katika shule ya msingi. Kwenye ukuta wa ofisi ya walimu palikuwa na kipima hewa, kisanduku cheupe kilichofungwa na watu wa mradi fulani kutoka Dar. Kazi yangu ilikuwa kukipangusa vumbi na kutuma namba zake kila asubuhi. Wao walizichanganya na habari za upepo na joto, kisha wakatutumia utabiri wa hewa kwenye simu. Niliupenda utabiri ule. Niliwasomea wanafunzi mstarini kwa majivuno, utadhani hewa yenyewe naitengeneza mimi.

Siku hiyo tulikuwa na mashindano ya mbio. Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinijia amefunika pua kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi kweli tunawakimbiza watoto kwenye hali hii?"

Alikuwa na pumu, na shule nzima ilijua. Nikamwonyesha simu. "Utabiri unasema hewa nzuri. Upepo utageuka mapema, utatoka baharini."

"Na pua yako inasemaje?"

Nikacheka. Kicheko kile kinanichefua mpaka leo kuliko hata lile kohozi. Nilicheka, kisha nikaenda kumwambia mkuu wa shule tuendelee. Na kipima hewa kilikuwa kimetoa namba ya uchafu kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Niliituma kama kawaida, nikajiambia watu wa Dar wanajua zaidi.

Mpaka saa tatu na nusu upepo wa bahari ulikuwa haujafika. Moshi ulitulia juu ya uwanja, mzito, wa manjano kidogo, na watoto waliingia humo wakikimbia na kutoka wakikohoa. Mwalimu yule alisimama mwisho wa mbio ameshika bendera. Nikaona bendera inaanguka. Kisha yeye mwenyewe akakaa chini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imepauka.

Nilikimbilia ofisini kuchukua dawa yake ya kuvuta. Haikusaidia. Tukampakia kwenye bajaji kwenda kituo cha afya, naye njia nzima alinibana mkono asiweze kusema neno. Wakamwekea oksijeni. Nikakaa kwenye benchi nje, na hapo hapo simu ikalia, ujumbe umeingia: hewa ni nzuri, furahieni shughuli za nje.

Nikapiga namba ya mradi. Akapokea kijana mmoja mpole.

"Mwalimu, namba yako ya leo tuliiondoa. Ilikuwa kubwa mno. Mara nyingi huwa ni buibui kaingia kwenye kifaa."

"Buibui?"

"Ndiyo. Halafu upepo wa bahari umechelewa kuliko tulivyotarajia. Na mioto ya mashambani hatuijui mpaka picha za setilaiti zije."

"Mnaijua. Namba nimewatumia mimi."

Akauliza, "Kwa hiyo hakuna buibui?"

Nikakata simu.

Mama yule alilazwa siku mbili. Nilipokwenda kwake na machungwa kumwomba radhi, alinisikiliza mpaka mwisho. "Simu sikuikasirikia, mwanangu," akasema. "Simu haina pua. Wewe unayo." Muhula ule hakurudi darasani, akaomba kustaafu mapema, akahamia kwa dada yake kule Kaole.

Namba bado natuma, lakini sasa naandika chini yake ninachokiona kwa macho, na kijana yule hunipigia kabla ya kufuta chochote. Mwaka uliofuata, wakati wa mioto, utabiri ulisema hewa mbaya siku nne, na mara zote nne tuliwafungia watoto ndani. Hilo nashukuru.

Ila mioto haikupungua. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja mwenye shamba kubwa huko bara alisimama, akalalamika watoto wanakosa michezo. Nikamuuliza kama na yeye huchoma.

"Mwalimu, nisafishe shamba na nini? Moshi wenyewe ni wa siku mbili tatu tu."

Watu wakacheka. Kikao kilipokwisha akanijia anatabasamu, amenyoosha mkono. Nilikusanya karatasi zangu, nikampita.