Kisima Kitamu cha Kuze

Mombasa ni kisiwa. Shika njia yoyote utakutana na maji, na hayo yote huwezi kupikia hata kahawa. Ukichimba kisima ndani ya mji unapata maji ya kuogea, kufulia na kutawadhia, hapa yana munyu kidogo, pale chumvi tupu. Ya kunywa yalitoka visima vya nje ya mji, wachukuzi wakiyaleta kwa mzega, madebe mawili yananing'inia kwenye mti begani. Mtaa wetu mzima wa Kuze ulilijua hilo, isipokuwa mume wangu.

Yeye, ati, alikuwa na kisima kitamu. Babu yake alikichimba, babu yake akasema ni kitamu, basi, maneno yamekwisha. Utamsikia barazani: "Kunywa, bwana, kwangu hatununui maji!" Wageni wakinywa na kusifu, kwa kuwa yalikuwa ya kununua. Nilikuwa nikiyapokea mlango wa uani alfajiri, yeye yuko msikitini, nikiyamimina katika mtungi nilioufukiza ubani. Miaka kumi na mmoja! Mwaka wa kwanza wa ndoa niliogopa kumvunja moyo. Baadaye niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mwaka wa kwanza.

Kisha serikali ikagundua mbu. Akaja Mzungu wa afya na karani wake, wakatangaza kuwa visima ndivyo vinavyozaa mbu wa homa, kwa hiyo kila kichochoro kitaachiwa kisima kimoja kilicho bora, vilivyobaki vifukiwe. Mwenyezi Mungu alikuwa ametia maji chini ya kila nyumba. Serikali, astaghfirullahi, ikaona amezidisha.

Karani alisimama nje, akapitisha chupa mlangoni apelekewe maji ya kupimwa. "Mke wangu, wajazie!" mume wangu aliita, sauti imejaa fahari. Nikasimama uani na ile chupa, kisima mkono huu, mtungi mkono huu. Nilifikiri dakika nzima, wallahi. Nikachota mtungini.

Baada ya siku chache karatasi ikaja. Kisima chetu ndicho bora kichochoro kizima, na cha jirani yetu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, kifukiwe. Jirani huyu alikuwa mjane, mtu mzima, akila kwa kufua kanzu za watu. Maji ya kisima chake hayakuwa ya kunywa, lakini sabuni ilitoka povu. Kwetu sabuni iliganda tu, na nguo nyeupe ikatoka na rangi ya ukuta mkongwe. Nikajua nimemtia mtu shimoni.

Mchana ule, baada ya kula, nikamwambia mume wangu kila kitu. Akacheka. Nikaenda kisimani, nikachota, nikamletea kata. Akanywa. Macho yakamtoka, shingo ikamsimama, akameza.

"Matamu," akasema.

"Bwana, yana munyu!"

"Serikali imepima kwa vyombo. Wewe umepima kwa nini?"

"Kwa ulimi!"

Akachukua kofia yake, akatoka barazani kupokea pongezi.

Ningeweza kuvaa buibui nikamfuata yule karani. Ningeweza hata kugonga ukuta tu, nikamwambia mjane mwenyewe. Nikajiambia mwanamke wa nyumba yenye heshima hasimami mbele ya makarani. Lo, heshima! Siku nyingine zote ilinichosha, siku ile ilinifaa sana. Watu wa serikali wakaja na mikokoteni ya kifusi, wakafukia kisima cha watu kwa siku mbili, nami nikisikia kila jiwe linavyotua.

Siku ya tatu mjane akapiga hodi, kanzu za watu kichwani na kipande cha sabuni mkononi. Akateka maji kisimani kwetu, akasugua, sabuni ikaganda. Akasugua tena. Aibu ilinichoma hadi nikakimbilia mtungini, nikamletea kata ya maji kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mama."

Akanywa yote, akanirudishia kata.

"Mchukuzi wako hupita mlango wangu kwanza, mwanangu," akasema. "Miaka kumi na mmoja sikumwambia mtu. Nami nilitaka unisemee mara moja tu."