Vidonge vya Mdogo Wangu

Walisema sitamaliza chuo, nikamaliza. Walisema mtoto wa mjane wa kijiji cha Pito hawezi kushika diploma ya kilimo. Nikarudi nayo, nimevaa viatu vya ngozi, na wale wale waliocheka ndio waliokuja kunisalimia. Basi waliposema sitaweza kumtoa mdogo wangu kwenye bangi, nilicheka mimi.

Aliianza baada ya mkewe kufa akijifungua. Bila bangi hakula wala hakulala. Mshahara wangu ulikuwa haujaanza kuja, kwa hiyo ndugu na majirani walinikopesha ulezi, nikauuza, tukapanda lori mpaka hospitali Mbeya. Daktari alimsikiliza mdogo wangu bila haraka, akampa vidonge vya huzuni, amitriptilini.

"Hivi haviui hamu ya bangi," aliniambia. "Vitamsaidia alale, na huzuni ikipungua, pengine ataweza kuiacha mwenyewe. Vinachelewa kufanya kazi. Msikatize."

Mimi nilirudi kijijini nikitangaza kwamba dawa ya bangi imepatikana. Na kweli, alianza kulala. Mdomo ulimkauka, akawa anakunywa maji kama ng'ombe, lakini jioni moja nilimkuta anakula ugali na mama, anamtania kwamba dagaa wake wana mchanga. Misokoto ilipungua. Nilijisifu mpaka sokoni Sumbawanga.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Ulikuwa msimu wa kulima matuta kwenye shamba la kijiji, naye haamki. Mkutanoni mwenyekiti alisimama: "Ndugu wananchi, kijiji cha ujamaa hakifugi kupe. Kuna nyumba ya msomi humu, mtu analala mpaka jua la utosi!"

"Mwacheni," mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "anasomea diploma ya usingizi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama aliinama, akawa anakunja pindo la khanga yake.

Nilitumwa Namanyere kikazi. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu shambani, jembe linapanda na kushuka, macho mekundu. Mama alinipokea kwa furaha.

"Umeona, baba? Vile vidonge nimevitupa chooni. Sasa anaamka kabla ya wenzake."

Alikuwa amemwokoa mwanawe na aibu.

Kabla sijapewa ruhusa kazini ya kwenda tena Mbeya, mdogo wangu aliondoka kwenda Kabwe, ziwani, kuvua. Nilimfuata.

"Shikamoo kaka," alisema, moshi ukimtoka puani. "Umeniletea vile vidonge? Nilikuwa namwota mke wangu, naamka silii."

Nilimwambia turudi, nitavitafuta. Alicheka tu, akaenda kukunja nyavu. Mvua zilipoanza, wavuvi walituletea nguo zake. Ziwa lilikuwa limemchukua.

Mavuno yalipoingia nilikodi mkokoteni wa ng'ombe, nikarudisha ulezi nyumba kwa nyumba, kila debe limejaa mpaka linamwagika, asitokee mtu wa kusema diploma imeshindwa kulipa. Wa mwisho alikuwa shangazi. Aliutazama mzigo asiuguse.

"Nilikukopesha apone," alisema. "Huu wa nini sasa?"

"Ni deni, shangazi."

"Haya. Mimina."

Nikamimina. Alikuwa amegeukia ukutani, analia, na mimi niliendelea kumimina mpaka debe likawa tupu.