Nilipomwita Binamu

Kutoka Muheza hadi Kibondo nilisafiri siku tatu, nikilala Dodoma na Kasulu, miguu imevimba hadi viatu vikakataa kuvalika. Pikipiki ikanimalizia njia ya kuelekea Mabamba. Baba aliondoka huko akiwa kijana, akaenda kukata mkonge, na hakurudi hata kuzikwa. Mimi, baada ya miaka ya kuhamahama, nilitaka kitu kimoja tu: kipande cha shamba la babu, nijenge, nitulie.

Mtoto wa baba yangu mkubwa alinipokea vizuri. Akaita wazee na majirani waje kunionyesha mpaka. Desturi ya huko, anayepewa ardhi hujieleza kwa kinywa chake kabla jembe halijagusa chini. Mzee mmoja akaniuliza, "Huyu mwenye nyumba ni nani wako?"

"Ni binamu yangu," nikasema, kama tunavyosema Muheza.

Shangazi, dada yake baba, akaweka kikombe chini. "Umesemaje, mwanangu? Binamu si mtoto wa mjomba? Huyo ana ukoo wa kwao. Huyu ni ndugu yako, basi."

"Amezoea Kiswahili cha pwani," ndugu yangu akanitetea, lakini sauti ilikuwa imepoa.

"Kwani pwani hakuna baba wakubwa?" jirani akatania. Wakacheka, wakatawanyika. Mpaka haukuonyeshwa. Mbele ya wote nilikuwa nimejitoa kwenye ukoo.

Wiki iliyofuata, mwenye duka mmoja wa Kasulu, mtu wa asili ya Tanga, aliniambia neno hilo ni la Kiarabu: bin ni mtoto wa kiume, amu ni ndugu wa kiume wa baba. Kumbe nilikuwa nimesema sawasawa! Nikarudi mbio kumweleza ndugu yangu. Alikuwa anachambua maharage.

"Sasa Mwarabu ndiye atakuja kupanda mpaka?" akasema bila kuinua kichwa. "Walishakusikia, mwana wa baba. Kwao binamu yangu ni mtoto wa shangazi; nikikukatia leo, kesho watoto wa dada zetu wote watakuja kudai."

Nililima kwa kuazima misimu miwili. Nikimkumbusha, alisema tungoje wazee wasahau. Hawakusahau. Mimi ndiye niliyechoka.

Asubuhi niliyoondoka kabisa, alinibebea begi hadi stendi ya Kibondo. Kondakta akauliza kama tunasafiri wote.

"Hapana," akasema. "Mpe mgeni wangu kiti cha dirishani."

Sikumsahihisha. Nikapanda.