Tawi Juu ya Kitanda cha Maulida

Shoga yangu Faudhia alizaliwa Chole, kule Kisarawe, kwa Bi Mwanahalima, muosha maiti. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mkunazi. Kila ukitokea msiba, Faudhia alitumwa kuchuma majani yake, yapondwe na kutiwa kwenye maji ya kumwoshea marehemu. Matunda alikatazwa hata kuyaokota. Huo ni mti wa kazi, mama yake alisema, basi.

Alipohamia Kibaha alifanya usafi kwa Mama Lin, mke wa mhandisi wa Kichina, ambaye alimfundisha kuchora kwa wino mweusi. Mwanzi, alimwambia, ni mtu anayeinama asivunjike. Ua la plamu, linalochanua kwenye baridi, ni uvumilivu. Na hakuna kufuta. Mimi, jirani yake na mshona nguo, nilimcheka sana na ile brashi yake.

Mwaka jana binti yake, Maulida, alibeba mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka. Faudhia akamwomba Mama Lin, aliyekwisharudi kwao, mchoro wa kuombea mtoto. Ikaja kwenye simu picha ya tawi lenye matunda madogo. Kwao huwatakia nayo maharusi uzazi wa mapema. Faudhia aliinakili kwa wino, akaitundika juu ya kitanda cha Maulida.

Uchungu ukaanza kabla ya siku zake. Khalfani, mume wa Maulida, alimkimbiza hospitali ya Tumbi alfajiri. Asubuhi hiyo Bi Mwanahalima akawasili kutoka Chole, akachungulia chumbani, akashika mlango.

"Faudhia! Umemtundikia mjukuu wangu mkunazi?"

"Huo mti wa Kichina, mama."

"Nimeyaponda majani haya miaka arobaini. Nisiyajue?"

Faudhia aliutazama mchoro wake, akayatambua majani aliyoyachuma utotoni. Akiuchana, amechana dua ya mtoto. Akiuacha, amemwachia mwanawe maji ya maiti kichwani. Alikaa sakafuni mpaka adhuhuri, na mimi kando yake niliogopa pia, sidanganyi. Simu ilipolia aliisukuma kwangu.

"Pokea wewe, Vailet. Mimi siwezi."

Khalfani alikuwa analia, nisijue analia kilio gani, mpaka aliposema, "Wa kike. Wote wazima."

Siku ya tatu Maulida na mtoto wakarudi nyumbani. Bi Mwanahalima alijitenga pembeni, mikono kaificha ndani ya khanga. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuogesha mtoto mchanga. Aliihofia mikono yake mwenyewe. Faudhia akaingia chumbani, mchoro ungali ukutani, akamchukua mtoto na kumweka mapajani mwa Bi Mwanahalima, beseni kando.

"Muogeshe."

"Kwa mikono hii?"

"Hiyohiyo, mama."

Bi Mwanahalima alichota maji, akaanza upande wa kulia, kama alivyozoea kwa wale wengine. Huyu akapiga kelele.