Bwana Zima na Bili Isiyoshuka

Fundi saa wa mtaa wetu alipewa jina na mama yake kama watu wote, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bwana Zima. Ukimsalimia, "Mzima, fundi?" alisikia "zima" tu, akageuka kutafuta taa iliyoachwa ikiwaka.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kibanda chake karibu na stendi, anayeweza kukuambia kwa sikio tu kwamba saa yako inachelewa. "Saa ikichelewa," alizoea kusema, "ujue kuna mahali inavuja." Basi mwezi ule bili ya umeme ilipokuja maradufu, alivaa kile kioo chake cha jichoni, akaichunguza karatasi mbele na nyuma, halafu akamtangazia mkewe, "Nyumba inavuja."

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye subira ya kazini ambayo alikuwa haileti nyumbani. Mama mzaa mkewe, nesi mstaafu, aliishi nao. Hao wawili ndio walioonja dawa.

Kwanza balbu. Fundi alizitoa zote akabakiza moja, akaifunga kwenye waya mrefu, ikawa inahama chumba hadi chumba. Saa moja jioni alisimama ukumbini akatangaza, "Balbu inaelekea jikoni!" Kila mtu akanyanyuka na sahani yake, wakaifuata. Mgeni mmoja alidhani kuna maandamano.

Pili pasi. Nguo za wiki nzima zilinyooshwa Jumapili kwa dakika kumi na moja, saa mkononi, halafu pasi ikachomolewa na nguo zilizobaki zikamaliziwa kwa joto lake. Gauni la Jumatatu lilitoka limenyooka kama rula. La Ijumaa lilipigwa pasi baridi, na watoto wa chekechea wakamuuliza mwalimu wao kama amelala nalo.

Tatu friji. Kabla ya kuifungua ilibidi useme unataka nini na kiko rafu ya ngapi. Siku moja mama mkwe alifungua, akasimama.

"Mama, kwa heshima zote, sekunde ya kumi na nne," fundi alisema kwa unyenyekevu.

"Ngoja, mwanangu. Nimesahau nilichokuja kuchukua."

"Basi funga, mama, usahaulie nje."

Mwezi ukaisha. Bili ikaja imepanda.

Mtu mwingine angekata tamaa. Fundi alikaza uzi. Friji ikazimwa, ikageuzwa kabati la viatu. Redio ikahamia kibandani. Bili ikapanda tena. Akaanza kukonda. Mkewe alimsikia usingizini akiomboleza, "Inatoka wapi? Inatoka wapi?"

Kilichomchoma zaidi ni jirani yake wa ukuta mmoja, kinyozi. Yule bwana alikuwa na friza kubwa, na spika zilizotikisa madirisha. Alioga maji ya moto asubuhi na jioni huku akiimba beti zote, na taa zake za barazani ziliwaka mchana kweupe. Na bili yake? Kila mwezi ilishuka. Aliibandika saluni, juu ya kioo, wateja waione.

Fundi akameza kiburi, akaenda kunyolewa ili apate ushauri.

"Tatizo lako una wasiwasi, fundi," kinyozi alisema huku mashine ikinguruma. "Umeme ni kama mbwa. Akijua unamwogopa, anakukimbiza. Mimi siuwazi hata kidogo."

"Huuwazi tu? Basi?"

"Akili ni nywele, kaka, kila mtu ana zake. Na zako nazikata sasa hivi. Tulia."

Fundi akarudi nyumbani na kichwa chepesi na shauri zito. Mwezi uliofuata alirudisha balbu zote. Akaondoa viatu kwenye friji, akaiwasha. Akamwambia mkewe apige pasi mpaka achoke. Mama mkwe aliingia chumbani, akafunga mlango, akamshukuru Mungu kwa kumponya mkwewe. Fundi mwenyewe alikaa kitini mikono magotini, jasho likimtoka, akijitahidi kutouwaza umeme.

Bili yake ilibaki palepale. Haikuongezeka hata kidogo.

Kabla hajamaliza kushangilia, mlango ukagongwa. Alikuwa kinyozi, taulo begani, karatasi mkononi, amefura.

"Fundi, umenifanyia kijicho! Miezi yote bili yangu inashuka. Wewe umekuja kunyolewa mara moja tu, angalia! Imeruka!"

Fundi aliitazama ile bili. Akamtazama kinyozi. Kuna sura mtu huwa nayo akiona meno ya magurudumu mawili ya saa yameingiliana vibaya. Alienda akazima swichi kuu ya nyumba yake, akatoka nje kwenye mita mbili zilizokaa pamoja ukutani, akavaa kioo cha jichoni.

Nyumba yake ilikuwa giza tupu. Kisahani cha mita yake kilikuwa kinazunguka kwa furaha. Cha kinyozi kilikuwa kimetulia tuli.

"Nani yuko bafuni kwako?" fundi aliuliza polepole.

"Mke wangu."

"Mwambie afunge maji ya moto."

Kinyozi alipiga kelele dirishani, mkewe akafunga, na kisahani cha fundi kikapunguza mwendo.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu, aliyekuwa amewafuata nje. "Kwa hiyo," alisema, "miezi minane mimi navaa makunyanzi mbele ya watoto ili bili ya shemeji ishuke?"

Baadaye ilijulikana kwamba ukuta ulipopigwa plasta upya, mita ziliondolewa, na waliozirudisha walichanganya nyaya, mita ya huyu ikapima nyumba ya yule. Ofisi ya umeme ilipokea barua ya malalamiko, ikaigonga muhuri, ikasema mafundi ni wachache, wasubiri.

Hapo ndipo mtaa ulipoona maajabu. Fundi alihesabu kwamba nyumba inayopandisha bili yake ni ya kinyozi, akahamia huko kila jioni na saa yake. Alizima taa za barazani, akapunguza spika, akaketi kwenye kigoda nje ya bafu. "Dakika ya tatu, jirani! Suuza! Suuza!" Kinyozi alitoka na povu masikioni, wimbo umekatikia ubeti wa kwanza.

Kinyozi naye hakukubali kuonewa. Alihamia kwa fundi kulinda bili yake, na alikuwa mkali kuliko mwenye nyumba. Alitoa balbu, akabakiza moja, akaitembeza kwa fimbo. Alisimama mbele ya friji mikono kifuani.

"Mama, rafu ya ngapi?"

"Mimi ni mzee kuliko baba yako," mama mkwe alimjibu. "Pisha."

"Shikamoo, mama. Rafu ya ngapi?"

Siku ya sitini na tano tangu barua ipelekwe, mwalimu alivaa viatu vya kazi, akaenda ofisi ya umeme, akaketi mbele ya meza ya mkubwa wao, akaanza kumsimulia habari hii kwa sauti ile anayowasimulia watoto wa miaka minne, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye balbu inayohama, mkubwa aliomba radhi akapiga simu. Adhuhuri fundi umeme alifika na ngazi, akabadilisha nyaya kwa dakika ishirini.

Kinyozi akarudi kwake. Fundi akarudi kwake, akawakuta mkewe na mama mkwe wameketi mezani wakimsubiri.

"Tunataka taa tatu," mwalimu alisema. "Zisizotembea."

Fundi alikuna kichwa. "Mbili na nusu."

"Nusu ya taa ndiyo ipi?" mama mkwe aliuliza.

Swali lile lilimsumbua siku mbili kibandani. Alilipindua huku na kule, akachora hata michoro nyuma ya bahasha. Siku ya tatu alirudi nyumbani mapema, akawasha taa ya tatu kwa mkono wake mwenyewe, akakaa chini yake akala chakula chake.