Mistari Kumi Iliyotiwa Maji

Watu walimwita Mzee Mistari, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Wengi wetu tunapanda mahindi kwa kukadiria hatua, mkono unadondosha mbegu huku mdomo unasimulia habari za jirani. Yeye hakuwahi. Alikuwa na kamba yenye mafundo na vigingi viwili alivyovichonga mwenyewe, na hakufukia mbegu hata moja ambayo haikukaa chini ya fundo. Mkewe alisema hata viatu pale mlangoni vilipangwa kwa kamba, na kwamba siku ya posa alihofia kupimwa urefu. Mzee aliusikia utani huo kila wiki, na kila wiki alicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa bwana shamba wa eneo lile kwa miaka kumi na tisa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nasimulia kosa la mwenzangu huku mimi nimekaa pembeni. Sikukaa pembeni.

Mzee Mistari alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka minne mama yao alipofariki. Alimlea, akamsomesha mpaka uwezo ukaishia, akamwozesha, akamgawia nusu ya shamba la baba yao, ile ya juu kilimani. Ya chini, inayopakana na kijito, alibaki nayo mwenyewe kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikifurika miaka ya mvua kubwa, na hakutaka mdogo wake ahangaike na matope. Mdogo mtu akafika miaka arobaini na bado hakununua jembe bila kumuuliza kaka yake. Tulimtania kwamba hata kupiga chafya anaomba ruhusa. "Kaka ameona mengi," alitujibu, wala hakuona aibu.

Mwaka mmoja likaja Jukwaa. Jina lake kamili lilikuwa refu mno hata halikuenea kwenye bango, wakalikata mara mbili. Nia yake ilikuwa kwamba mtafiti wa mbegu, mwenye duka la pembejeo, mnunuzi wa nafaka, watu wa mikopo, mimi wa serikali na wakulima ishirini na sita tukae chumba kimoja kila mwezi, tuamue pamoja kipandwe nini na kipandwe vipi. Tulikutana kwenye ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu siku nyingi na bado linanuka magunia. Mwezeshaji alibandika karatasi kubwa ukutani, akatoa kalamu za rangi nne, akatuambia sisi sote ni wadau na sauti zetu ni sawa. Hazikuwa sawa. Mnunuzi alikaa karibu na mlango anaongea na simu, na wakulima walinyoosha mkono ndipo waseme. Lakini nisiwe mnafiki, wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kabla ya hapo mtafiti alibaki na mbegu zake na mkulima na njaa yake, na mimi katikati nabeba barua. Nilifurahi kama mtoto.

Mtafiti, mama mmoja mpole aliyependa kuandika kila kitu, alituletea mbegu mpya ya mahindi inayovumilia ukame. Ilihitajika shamba la majaribio kando ya barabara ili watu wajionee. Nilimtaja Mzee Mistari bila kupepesa macho. Shamba likawa na mistari ishirini, kumi ya mbegu yake ya siku zote na kumi ya mbegu mpya, mbolea sawa, palizi sawa. Mtafiti alimweleza habari zote za nafasi na vipimo. Habari ya kumwagilia maji hakuigusa, na simlaumu. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kumwagilia mahindi.

Mvua ikakatika mahindi yakiwa yanataka kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni, wakati mbaya kuliko wote. Siku ya wakulima, ya watu kuja kulitazama shamba lile, ilikuwa imebaki wiki tatu, na barua ilishafika kwamba wakubwa watakuja.

Haya yanayofuata aliyasema mwenyewe baadaye. Alisimama shambani akaona majani yamejikunja, akashikwa na aibu. Mbegu yake mwenyewe haikumsumbua. Ile ni ya nyumbani, alisema, imezoea shida zetu. Lakini hii ililetwa na wageni, ikakabidhiwa mikononi mwake, na wenyewe wanakuja kuitazama. Atawapokeaje na imekauka? Basi kila alfajiri alishuka kijitoni na madumu mawili, akarudia safari nne, akaupa kila mche kopo moja, mistari kumi ile tu. Akimaliza alivuta udongo mkavu juu ya ule uliolowa ili jua lisiyanywe maji yote. Umri wake ulishapita sitini, na goti la kulia lilikuwa baya. Hakumwambia mtu. Alivyoona yeye, alikuwa anafagia uwanja kabla ya wageni kufika, na nani hutangaza kwamba amefagia?

Siku moja nilipita pale asubuhi kukagua. Nikainama, nikachomeka kidole kwenye udongo wa mistari mipya, kikatoka na tope. Nikachomeka kwenye mistari ya zamani, vumbi tupu. Nikafungua daftari nikaandika: "Mbegu mpya inahifadhi unyevu vizuri." Miaka kumi na tisa ya kazi, na niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe. Ndani ya moyo nilijua mbegu haihifadhi maji. Lakini nilitaka siku ile ifane, nikaona nikiuliza sana nitaharibu, nikapanda pikipiki yangu nikaondoka.

Siku ya wakulima ilifana kweli. Mistari mipya ilisimama kijani na mahindi mawili mawili, ya zamani imesinyaa, na kila mgeni alitaka kupigwa picha katikati. Mnunuzi akasema atachukua yote tutakayovuna. Mwenye duka akaandikisha watu papo hapo. Mzee Mistari alipeana mikono na wakubwa watano siku moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, na uso wake ulikuwa umechangamka mpaka mkewe akawa anamchekea kwa mbali.

Mdogo wake akamvuta pembeni, mimi nikiwa nyuma yao na soda yangu.

"Kaka, mimi nafikiria niing'oe ile mihogo, kilima chote nitie hii. Unasemaje?"

Mihogo ile ndiyo iliyokuwa ikiwavusha mwaka mbaya. Kila mtu alijua, na Mzee Mistari alijua kuliko wote.

"Si umejionea mwenyewe?" akasema.

Hakudanganya. Nami sikufungua mdomo.

Msimu uliofuata mvua ikakatika tena, wiki ile ile karibu. Mbegu mpya ilivumilia zaidi kidogo kuliko ya zamani, kama mtafiti alivyoahidi, na hicho kidogo hakikutosha kujaza sahani. Kilimani yalibaki mabua. Wakulima wengine walikuwa wamechanganya na kunde, wengine na viazi, wakajikongoja. Mdogo wake Mistari hakuwa na kitu ardhini. Kufikia mwezi wa tatu nyumba yake ilikuwa inapika mara moja kwa siku. Mzee aligawa mavuno yake ya bondeni nusu kwa nusu, akayapandisha kilimani kichwani, na yakaisha. Mnunuzi hatukumwona tena. Alisema barabara mbaya.

Mdogo mtu akaamua kwenda kupasua kokoto, mwendo wa siku mbili kwa basi. Asubuhi ya kuondoka alipita kumuaga kaka yake, mfuko wa nguo begani. Mzee alikuwa ameketi kizingitini ameshika tama.

"Usijilaumu, kaka. Mvua si yako," alimwambia.

Mkewe Mistari ndiye aliyenisimulia. Alisema mzee aliinuka akaingia ndani, na hakula siku mbili.

Halafu ukaja mkutano wa tathmini. Viti vilikuwa vimepungua watu. Mtafiti aliuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kwa nini shamba la majaribio lilitofautiana hivyo na mashamba mengine. Watu wakataja udongo, wakataja wadudu. Mzee Mistari hakunyoosha mkono. Alisimama tu.

"Nilitia maji," akasema. "Kila alfajiri, wiki tatu. Mistari yenu tu, ile yangu sikuigusa. Niliona haya kwa ajili yenu."

Hata simu ya mnunuzi mpya, maana alishaletwa mwingine, ilizimwa. Mtafiti aliacha kuandika na nikaona macho yake yamejaa machozi. Nami nilipaswa kusimama pale pale niseme habari ya kidole changu. Nilisema, lakini siku nyingine, kwa barua. Mwezeshaji, ambaye nadhani hakujua afanye nini, alituomba tumpigie mzee makofi kwa ukweli wake. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kusikia makofi mabaya kama yale.

Nje ya ghala shemeji yake, mke wa yule aliyekwenda kwenye kokoto, alikuwa anatungoja na mtoto mgongoni. Mzee alimwendea.

"Shemeji, kesho napanda basi. Naenda kumwambia mwenyewe."

"Mimi nilikuona," akasema yule mama.

Mzee akatoa macho.

"Nilikuwa nakwenda kuchota maji alfajiri, nikakuona na madumu. Mume wangu aliporudi siku ya wakulima na habari ya kung'oa mihogo, nikamwambia, kaka yako alikuwa anayamwagilia yale mahindi. Akanikemea. Akasema, 'Hayo yalikuwa maji ya mboga zake. Angekuwa anatia mahindi angeniambia. Usimseme kaka yangu.' Akang'oa mihogo siku hiyo hiyo." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuchoma. "Usiende, shemeji. Kule analala kwenye turubai, mikono imepasuka. Akipiga simu anakutaja wewe kabla ya watoto wake. Ukimwambia, atabaki na nini?"

Mzee hakwenda. Nilidhani mtu akikiri mzigo unapungua, lakini wake niliona umeongezeka. Aliyesema mbele ya watu thelathini hakuruhusiwa kusema kwa mtu mmoja. Alikonda. Akawa haji tena mikutanoni, ingawa mtafiti alimfuata nyumbani mara mbili, na mara zote mbili mzee alimpa kiti na maji ya kunywa, akajibu alichoulizwa tu.

Mawingu ya mvua za kwanza yalipoanza kujikusanya tulikutana uwanjani kwa shemeji yake, sisi watatu, kuangalia kilima kile kitafanywaje. Nilikuwa nimekuja na vipando vya mihogo nilivyoomba kwa watu. Simu ya yule mama ikalia, akaiweka sauti ya juu ili watoto nao wamsikie baba yao. Alikuwa mchangamfu, kelele za nyundo nyuma yake. Aliuliza kama mvua inaonekana, akauliza kama kaka yupo. Mkewe akasema yupo.

"Basi msihangaike na mtu mwingine, wala huyo bwana shamba na mikutano yake," akasema huku anacheka. "Muulizeni kaka. Atakachosema yeye, hicho hicho mpande. Mimi namwamini."

Mzee Mistari akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele yetu na mbele ya watoto, na shemeji yake akaifunika simu haraka kwa kiganja ili yule wa upande wa pili asisikie.